Inuka, Wakili, Uende Ukaone

Ndugu zangu mawakili, neno hili nimelibeba kwa miaka mingi. Leo nalitua mbele yenu, na yeyote litakayemuuma ajue limeniuma mimi kwanza.

Saa mbili na nusu asubuhi, kwenye korido ya mahakama, utamwona mwenzetu mmoja. Suti nyeusi, viatu vinang'aa, jalada kwapani. Anapita benchi hadi benchi akiita jina la mteja wake, kwa sababu uso wake haujui. Akimpata anamvuta pembeni, karibu na dirisha la karani, anafungua jalada kwa mara ya kwanza tangu apokee ada, anasema, "Mama, hebu nikumbushe, ilikuwaje?" Mama anaanza mwanzo kabisa, tangu alipoolewa, tangu baba mkwe alipowagawia shamba. Mwenzetu anatazama saa. "Fupisha, mama." Mama anafupisha. Yale aliyoyakata ndiyo yangemwokoa, lakini hana wa kumwambia hivyo. Saa tatu shauri linaitwa. Wakili anasimama, anainama kidogo, anamwambia Mheshimiwa Hakimu kwamba upande wake uko tayari kuendelea.

Hauko tayari! Huo ni uongo, na tunausema kila siku kwa sababu hakuna anayetuuliza.

Nayajua haya kwa kuwa mwenzetu huyo nilikuwa mimi. Mwaka wa nne tangu niapishwe, nilimtetea bibi mmoja mjane wa kijiji cha chini ya milima ya Usambara. Alidaiwa kwamba marehemu mumewe aliuza nusu ya shamba lao. Karatasi ya mauziano haikuwapo. Shauri zima lilining'inia kwa shahidi mmoja, jirani, aliyeapa kwamba akiwa ameketi mlangoni kwake alimwona mume wa bibi akipokea fedha chini ya mwembe wa mpakani. Nilimdodosa nusu saa nzima. Nilimuuliza umri wake. Nilimuuliza siku ile ilikuwa Jumanne au Jumatano. Nilimuuliza noti zilikuwa za rangi gani. Mzee alijibu polepole wala hakutetereka. Tukashindwa.

Baada ya hukumu nikaenda kijijini, kwa mara ya kwanza, kumweleza bibi habari za rufaa. Akanikaribisha uji. Mjukuu wake, mtoto wa darasa la pili, akanitembeza shambani, nami nikamwomba anifikishe kwa yule jirani. Tulipofika mlangoni pa mzee niligeuka kuutazama mwembe. Sikuuona. Kati ya mlango ule na mwembe ule umepita mgongo wa ardhi, mrefu kuliko mtu aliyesimama. Nikanyanyuka kwa vidole vya miguu, sikuuona. Nikapanda juu ya kinu kilichokuwa uani, bado sikuuona. Mtoto akanihurumia, akasema, "Mjomba, mwembe hauonekani hapa. Mpaka upande kule juu."

Mtoto wa darasa la pili alilijua lililolikata shauri lile. Mimi, mwenye shahada na joho, sikulijua. Mzee yule alidanganya, au alisimuliwa na wenzake mpaka akaamini kwamba aliona mwenyewe? Sitalijua kamwe, kwa sababu swali lililopaswa kuulizwa sikuliuliza. Na rufaa ingesaidia nini? Mahakama ya juu husoma yaliyomo kwenye mwenendo wa shauri, na mgongo ule wa ardhi haukuwamo. Ushahidi mpya hupokewa kwenye rufaa kwa nadra, na mwenye kuuomba sharti aonyeshe kwamba hata kwa bidii asingeweza kuupata mapema. Ningesema nini mimi? Kwamba sikuweza kuupata mgongo wa ardhi uliokuwapo tangu Mungu aiumbe Usambara? Bibi alikufa akiwa kwenye nusu ya shamba lake. Nauli ya kwenda na kurudi kijijini kwake ilikuwa ndogo kuliko bei ya tai niliyoivaa siku ya hukumu.

Tangu hapo sina mahubiri mengine. Inuka, uende ukaone.

Msidhani ni neno jipya hili. Waislamu wenzangu wanajua kisa cha Nabii Yusuf katika nyumba ya bwana wake wa Misri. Mwanamke anamshitaki, yeye anakana, maneno mawili yanagongana na hakuna aliyeshuhudia. Mtu wa nyumba ileile hakuanza kupima nani ana heshima zaidi. Alisema itazamwe kanzu. Ikiwa imechanika mbele, mwanamke ni mkweli. Ikiwa imechanika nyuma, basi kijana alikuwa akikimbia. Kanzu ikatazamwa, ikaonekana imechanika nyuma. Kanzu ilikuwapo pale muda wote, mbele ya macho ya kila mtu, ikimsubiri atakayeitazama. Nanyi Wakatoliki mnasoma katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli habari za Susana, aliyehukumiwa kufa kwa ushahidi wa wazee wawili wenye cheo. Danieli, kijana mdogo, aliwatenganisha wazee wale, akamuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwenzake akataja mti mwingine kabisa. Susana akapona. Angalieni alichouliza. Hakuwauliza kama wanamcha Mungu. Aliuliza mti.

Na mimi niliuliza rangi ya noti, wakati mti ulikuwa umesimama pale unaningoja.

Huko Illinois, Marekani, mwaka 1858, Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, alimtetea kijana wa rafiki zake wa siku za umaskini, aliyeshitakiwa kwa mauaji yaliyotendeka usiku wa tarehe 29 Agosti 1857. Shahidi mkuu alisema aliona kila kitu kwa mbalamwezi, mwezi ukiwa juu angani. Lincoln alimwacha shahidi airudie mbalamwezi yake, aithibitishe, ajifunge kwayo. Kisha akatoa almanaka ya mwaka ule na kuonyesha kwamba saa ile mwezi ulikuwa umeinama chini, karibu kuzama. Kijana akaachiwa, na Lincoln hakuchukua ada. Wengi husimulia kisa hiki kumsifu Lincoln kwa ulimi wake. Mimi naisifu ile saa ambayo haikuandikwa popote, aliyoketi peke yake akapekua kurasa za almanaka kutafuta usiku mmoja. Usione vyaelea, vimeundwa. Wavuvi wetu wa Pangani na Kilwa wanazihesabu siku za mwezi kila juma, wanajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Wakili anayetetea mtu aliyetambuliwa "kwa mbalamwezi" na asihesabu mwezi, mvuvi amemzidi kwa uangalifu.

Sheria yetu wenyewe inatutuma twende. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka kila mwanya wa kukosea uwe umezibwa. Ikataja mambo ya kuangaliwa: shahidi alimtazama mtu yule kwa muda gani, kutoka umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na je, alimfahamu kabla? Kila wakili wa jinai analikariri shauri hili. Linatajwa kwenye hoja za rufaa kama dua. Lakini nakuuliza, ndugu yangu, majibu ya maswali yale utayapata wapi? Umbali haumo kwenye kitabu. Uko kule uani, kati ya mlango na kisima, unangoja mtu aje na futi kamba.

Miaka michache baada ya bibi yule, nilimtetea kijana aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Mashahidi wawili walisema walimtambua kwa mwanga wa taa ya umeme nje ya duka. Nilikwenda pale saa tatu usiku, saa ileile ya tukio. Nikaikuta taa, inawaka, inamulika mpaka barabarani. Moyo ukanishuka. Ningegeuka pale pale, ningerudi mjini nikiamini mteja wangu ana hatia. Lakini niliagiza soda, nikakaa juu ya kreti, nikaongea na mwenye duka habari za bei ya sukari na mvua iliyochelewa. Katika mazungumzo akasema biashara imekuwa nzuri tangu aingize umeme. Nikamuuliza ni lini. Akaifunua kalenda ukutani; nyuma yake alikuwa ameitunza karatasi ya kuunganishiwa umeme, ina tarehe na muhuri. Ilikuwa miezi miwili baada ya tukio. Usiku ule wa tukio hapakuwa na taa yoyote pale. Mwenye duka alikuja mahakamani na karatasi yake, na kijana akaenda nyumbani kwao.

Kaa kwenye kreti, nakusihi. Wakili anayefika kwenye eneo la tukio ndani ya gari lenye kiyoyozi, akapiga picha tatu kupitia dirishani na kuondoka, hajafika. Nenda saa ileile ya tukio, na ukiweza msimu uleule, maana mahindi ya mwezi wa tano huficha kile ambacho shamba tupu la mwezi wa tisa linakionyesha. Simama pale shahidi aliposimama. Pima. Chora ramani kwa mkono, hata kama mkono wako haujui kuchora. Na usiende peke yako! Hili vijana wengi hawaambiwi. Ukienda peke yako ukaona jambo kubwa, nani atalisema kizimbani? Wewe huwezi kuwa wakili na shahidi katika shauri moja. Nenda na mtu atakayeweza kuapa: mpima ardhi, mpiga picha, au karani wako, ambaye atahesabu hatua pamoja nawe na kuja kuzieleza. Kuna wanaosema, "Nitaiomba mahakama itembelee eneo." Iombe, lakini kumbuka shauri la Nizar Ladak, lililoamuliwa pia miaka ile ya 1980: mahakama hutembelea eneo pale tu inapolazimu, kwa uangalifu, wadaawa na mawakili wao wakiwapo, maana hakimu akizoea kwenda kutazama anaweza kugeuka shahidi bila kujijua. Safari ya mahakama haiwezi kuwa badala ya safari yako. Na hakimu akikubali kwenda, wewe uwe mwenyeji pale, unayejua kila kichuguu.

Sasa nizungumze juu ya mteja, maana hapo ndipo kazi inapoanza na ndipo tunapoikimbia.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mteja wako atavuta ngozi upande wake, na si kwamba ni mwovu. Ana hofu, ana aibu, na amekwisha kulisimulia jambo lake kwa ndugu na majirani mara nyingi mpaka limenyooka kuliko lilivyotokea. Kwa hiyo mkutano mmoja hautoshi. Mara ya kwanza mwache aseme yote, usimkatize, weka kalamu chini. Kama lugha yake ni Kisukuma au Kihehe, tafuta mtu mwaminifu wa kutafsiri. Mtu husema ukweli kwa lugha anayoiota. Mara ya pili nenda naye tarehe kwa tarehe. Mara ya tatu kaa upande wa pili wa meza, uwe wakili wa adui yake, umuulize kila swali baya utakaloweza kulifikiria. Atakasirika. Atasema amekulipa umtetee, wewe unamshitaki. Mwambie: mficha uchi hazai. Mkunga hawezi kumsaidia mama aliyejifunga khanga kwa aibu, na wakili hawezi kumsaidia mteja aliyeuficha mkopo, au mke wa pili, au ile barua aliyoitia saini akiwa na hasira. Afadhali alie ofisini kwako kuliko aumbuliwe kizimbani mbele ya watoto wake.

Na mwambie alete mfuko. Kila nyumba ya Mtanzania ina mfuko au sanduku ambamo karatasi hutunzwa chini ya kitanda. Usimwambie alete "nyaraka muhimu". Yeye hajui zipi ni muhimu, kujua huko ndiyo kazi yako. Alete zote. Humo nimekuta kadi ya kliniki iliyothibitisha mama alikuwa amelazwa siku aliyodaiwa kutia saini mkataba. Nimekuta muhtasari wa kikao cha ukoo katika shauri la mirathi, una saini ya mzee mmoja aliyekuwa amezikwa mwezi mmoja kabla ya kikao. Karatasi hizi zilikuwa zimekunjwa pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za mbolea. Wenyewe walikuwa wamezikalia.

Karatasi za mfukoni zikishapangwa, chora mstari wa miaka. Hiki ni kitu cha saa moja tu, lakini nimeona mashauri ya miaka mitano yakianguka kwa kukosa saa hiyo. Sheria ya Ukomo wa Muda haina huruma: madai ya madhara kama uzembe miaka 3, mkataba miaka 6, kurudisha ardhi miaka 12. Hesabu siku ya kwanza, kabla hujapokea hata shilingi. Kisha nenda kwenye masijala. Kampuni unayoishitaki imesajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa jina hilo hasa unalolijua, au kuna neno limeongezeka? Hati ya kiwanja kwa Msajili wa Hati ina rehani juu yake? Msimamizi wa mirathi ameteuliwa kweli, au ni kaka mkubwa aliyejiteua? Shauri lililofunguliwa dhidi ya asiyehusika hufa kabla ya kuzungumza.

Nanyi mnaotetea watuhumiwa wa jinai, muwe wasomaji wa vielelezo kama mafundi saa. PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza daktari, ina tarehe. Ilinganishe na tarehe ya tukio, kisha usome maneno ya daktari mpaka mwisho, hata mwandiko ukikuchosha. Hati ya ukamataji mali nani alitia saini, na shahidi huru yuko wapi? Katika shauri la Paulo Maduka, Mahakama ya Rufani ilieleza umuhimu wa mnyororo wa utunzaji: nani alikikamata kielelezo, nani alikitunza, nani alikipeleka kuchunguzwa, nani alikirudisha, na karatasi ya kila hatua iko wapi. Usiishie hapo. Mahakama hiyohiyo baadaye ilifafanua kwamba ukali huo hauwi sawa kwa kila kitu. Kitu kisichobadilika wala kubadilishwa kirahisi hakidai karatasi kwa kila mkono. Wakili aliyesoma uamuzi wa kwanza tu husimama kwa majigambo na kuketi kwa fedheha. Maamuzi yako kwenye tovuti ya TanzLII, bila malipo, kwenye simu uliyoishika sasa hivi. Soma mpaka ukurasa wa mwisho, kisha utafute waliokuja nyuma walisema nini.

Simu yenyewe nayo ni kielelezo siku hizi. Mteja anakuja na picha ya skrini, mazungumzo ya WhatsApp ya kukiri deni, na wakili anafurahi, anaichapa, anaiambatisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka mahakama ipime uaminifu wa namna ujumbe ulivyotengenezwa na kutunzwa, na namna aliyeutuma alivyotambuliwa. Basi mwambie mteja asiiuze simu ile, asiibadilishe, asifute kitu. Iandikie maelezo mapema: ni ya nani, laini ya nani, nani aliyechapa, kwa kifaa gani. Ukisubiri siku ya kusikilizwa, simu itakuwa imeibiwa kwenye daladala.

Lakini kinachonichoma zaidi ni mashahidi. Tunawaita siku ya shauri kama tunavyoita teksi. Hatujawahi kukaa nao. Hatujui kama mzee ana mtoto wa jicho, kama husikia vizuri sikio la kushoto, kama alikosana na mteja wetu mwaka juzi kwa sababu ya mbuzi. Nenda kwao. Usiwaite ofisini, ofisini mtu hukaa kiungwana, hukwambia unalotaka kulisikia. Nyumbani kwake atainuka na kukuonyesha kwa fimbo.

Na harakisha! Migogoro mingi ya ardhi vijijini mizizi yake iko kwenye Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa, mashamba yakaachwa, wengine wakaingia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa amepita 70. Hawa ndio wanaojua nani alitoka wapi na mpaka ulipita kwenye mti gani. Kila ahirisho unaloliomba kwa sababu hukujiandaa, unaliomba juu ya pumzi zao. Nimewahi kufika kwa shahidi wa namna hiyo nikakuta turubai la matanga. Nilikaa na waombolezaji nikanywa chai yao, nikijua kwamba shauri la mteja wangu limezikwa asubuhi ile na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mimi.

Tena usipomleta shahidi muhimu, ukimya wako unasema. Tangu shauri la Hemed Saidi dhidi ya Mohamed Mbilu, la mwaka 1984, inajulikana kwamba mdaawa asiyemwita shahidi wa maana, bila kueleza sababu, mahakama inaweza kuchukulia kwamba shahidi huyo angesema kinyume chake. Kwa hiyo mtafute hata yule usiyempenda, umsikie, ujue atasema nini.

Ila nikuonye hapa kwa nguvu zangu zote. Kumwandaa shahidi na kumfundisha ni vitu viwili. Kumwandaa ni kumwonyesha chumba kilivyo, kumwambia aseme alichokiona na akisahau aseme amesahau, kumsomea maelezo yake ya zamani ayakumbuke. Kumfundisha ni kumtia mdomoni neno ambalo halikuwamo. Neno hilo linanuka. Hakimu mzoefu analisikia tangu mlangoni, na Mungu alilisikia ofisini kwako. Wakili aliyekwenda kuona hana haja ya kumfundisha mtu. Amekwisha kuupata ukweli uliopo, na ukiwa mchungu anamshauri mteja wake mapema apatane.

Ndiyo, apatane. Mara nyingi uchunguzi wa kweli utakuonyesha kwamba mteja wako hana haki. Hiyo pia ni huduma. Mama aliyeambiwa ukweli mwezi wa kwanza atabaki na ng'ombe wake. Aliyeambiwa mwaka wa sita, baada ya hukumu na gharama, hana hata zizi.

Najua mtakalonijibu. Mtasema ada ni ndogo, kodi ya ofisi ni kubwa, majalada ni 40 na siku ni moja. Najua, nimelipa kodi hiyo. Lakini ukiwa na majalada 40 usiyoyajua, huna wateja 40. Una watu 40 wanaolala usingizi kwa kukuamini wewe. Likataa la 41. Mpe kijana anayetafuta kazi. Na kama mteja ni maskini kweli, mahali pengi pana wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wanaishi vijijini, wanajua njia, wanaweza kufika kwa shahidi leo jioni ukawasikiliza kwa simu. Bodaboda zipo. Nguvu ya kwenda ipo. Tunachokosa ni hofu ya kutokwenda.

Nanyi mawakili wa serikali, msidhani naongea na upande mmoja. Binti aliyebakwa, ambaye jalada lake limeanguka kwa sababu hakuna aliyekagua kama PF3 ilisomwa mahakamani baada ya kupokelewa, alikuwa mteja wenu. Hati iliyopokelewa isiposomwa kwa sauti huweza kufutwa kwenye ushahidi, na mhalifu akatoka kwa mlango ambao ninyi mliuacha wazi. Kutojiandaa kunamfunga asiye na hatia na kunamfungulia mwenye hatia, siku moja, mahakama moja.

Zamani tulikuwa na mahali pa kujificha. Tuliongea Kiingereza na mteja alikaa nyuma akitutazama midomo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mama yule wa benchi sasa anasikia. Anasikia unapokosea jina la kijiji chake. Anasikia unapomuuliza shahidi swali ambalo mtoto wa darasa la pili angekujibu. Anasikia unaposema uko tayari.

Ndugu yangu wakili, kama una shauri la kusikilizwa juma lijalo na hujawahi kukanyaga mahali lilipotokea, liweke andiko hili chini sasa hivi. Mpigie mteja wako. Muulize basi la kwenda kwao linaondoka saa ngapi.